Valérie Akataa Kugawa Waya

Wapo wanaosema kwamba vita viliigawa Bunia. Vita havina mikono. Watu ndio walioigawa, mtaa kwa mtaa, na watu wangeweza kukataa. Valérie Katsuva alikataa.

Nyumba yake ya intaneti ilikuwa na milango miwili. Wa mbele ulitazama barabara ya wanamgambo waliokuwa wameushika mji. Wa nyuma ulitokea kichochoroni, na huko walipita wale ambao barabara ile ingewaua. Makabila yao siyaandiki. Yameshaandikwa vya kutosha, na kwa damu.

Antena juu ya bati ilizungumza na satelaiti. Modemu ilipokea mawasiliano, na kompyuta ya kwanza, karibu na mlango wa mbele, iliyagawa kwa nyingine. Zote ziliungwa na waya mmoja mweusi uliopita mashine hadi mashine, kutoka chumba cha mbele mpaka cha nyuma. Kila mwisho wa waya ulifungwa kwa kizibo kidogo cha chuma, kinachoitwa bouchon. Bila kizibo, mawimbi hugonga mwisho wa waya, hurudi, hugongana, na mtandao wote huanguka.

Asubuhi moja Jemima alikuwa amekaa chumba cha nyuma pamoja na wateja wengine. Alikuwa muuguzi aliyekimbia Nyankunde, na alingoja jibu la kaka yake: je, watoto wa Jemima walifika Mahagi-Port, wakavuka ziwa? Chumba cha mbele, kwenye mashine ya katikati, si ile ya kwanza, komanda wa wanamgambo alikuwa akimwandikia mkubwa wake. Karani wake, Tharcisse, aliyesomea mashine, alisimama nyuma yake.

Komanda akasikia vicheko nyuma ya ukuta. "Mama Valérie, kule nyuma beko banani?"

"Bakliya, bateja tu, komanda. Banalipaka kupita weye."

"Ni maadui. Ukate nyuma. Rezo ya intaneti ibakie huku."

"Nikikata nyuma, na yako inakufa."

"Unanidanganya, mwanamuke!"

Akainuka, akauchomoa waya mwenyewe, pale unapoingia chumba cha nyuma. Barua yake ikakwama kabla ya kuondoka.

Tharcisse akakohoa. "Chef, tukiweka bouchon hapa kwenye umechomoa, huku itapona. Nyuma itakufa peke yake."

"Iko wapi hiyo bouchon?"

Valérie alikuwa nayo moja ya akiba, mfukoni. Akaitoa, akawaonyesha. "Njo hii." Kisha akatoka uani, akaitupa ndani ya choo cha shimo, akarudi.

"Sasa muitafute. Muko wanaume wawili."

Komanda alimpiga kofi, Valérie akaangukia meza. "Tharcisse! Kuko ingine?"

Tharcisse alijua. Kizibo cha mwisho wa waya kilikuwa chumba cha nyuma, kwenye mashine ya Jemima. Kukihamishia pale palipochomolewa ilikuwa kazi ndogo kuliko kufunga kamba za viatu. Valérie alijua kwamba anajua. Walitazamana, damu ikimtoka Valérie mdomoni.

"Hakuna, chef," Tharcisse akasema.

"Basi hii mashine ninabeba!"

"Beba, komanda," Valérie akajibu. "Utaandika barua, kisha utaipeleka na miguu."

Wakaibeba, na kiti chake pia. Valérie hakungoja hata vumbi la gari litulie. Alifuta mdomo kwa ncha ya kitenge, akapiga magoti, akaurudisha waya mahali pake. Kuondolewa kwa ile mashine hakukuudhuru. Waya ulipita tu juu ya meza tupu, ukaendelea hadi nyuma. Taa ndogo za modemu zikaanza kucheza.

"Nani alikuwa anapiga kelele?" sauti ya mzee ikauliza kutoka chumba cha nyuma.

"Mutu moya tu, muzee. Alikuwa anataka rezo ya peke yake."

Watu wakacheka. Jemima hakucheka.

"Ya Valé!" akaita. "Barua ya kaka inafunguka! Kuya usome na miye, macho yangu inaogopa."