Mama Alitaka Kusikia Kilio Chake

Madaktari wa Louisville, huku Marekani, walisema moyo wa mama umechoka na dawa zimefika mwisho. Wakatuletea muuguzi nyumbani, mwanamke mmoja mzungu, mpole, ambaye kazi yake ilikuwa kutunza watu walio karibu kufa. Siku ya kwanza aliniomba nimuulize mama angependa kuagwa vipi.

Kwetu Kivu, Kongo, mgonjwa haambiwi kwamba anakufa. Anaambiwa atapona, hata kama mchungaji ameshaitwa.

"Anauliza nini?" mama akasema.

"Anauliza kama unakula vizuri."

"Na ndiyo sababu analengwa na machozi? Bon, sawa. Mwambie najua ninakufa. Ninataka kusikia hotuba za kilio changu. Nikishazikwa nitazisikia wapi?"

Nilipotafsiri, muuguzi alipiga makofi.

Nikawaita ndugu waje kwenye kilio hicho. Jumamosi, mama mdogo alifika kutoka Buffalo, akaanza mayowe tangu kwenye maegesho ya magari.

"Polepole!" mama akamwita kutoka kitandani. "Majirani wataleta polisi!"

Mjomba, mchungaji kule Columbus, alisimama na Biblia yake. Akasema dada yake alikuwa mwanamke mpole, mnyenyekevu, asiyegombana na mtu.

Mama akainua mkono. "Huyo ni nani? Donc, kumbe munazika mutu mwingine? Sema ile siku nilikukimbiza na mwiko!"

Mjomba akafunga Biblia, akaisema. Tulicheka mpaka mama mdogo akasahau kulia. Kila mtu akasimulia lake, mama akisahihisha. Katikati ya hotuba aliomba sombe, ile mboga yetu ya majani ya muhogo, akala, akaomba tena.

Baada ya hapo akaanza kukaa, halafu kutembea hadi jikoni kukosoa mapishi yangu. Miezi ikapita. Muuguzi akaja kutueleza, kwa furaha na haya kidogo, kwamba mama amepata nafuu mno, hawawezi kuendelea naye.

"Ananifukuza?" mama akauliza. "Hata kufa nimeshindwa?"

Mama mdogo alifoka kwenye simu. "Bosi wangu kiwandani nilishamwambia umekufa! Sasa nimwambie nini?"

"Mwambie Yesu yupo."

Aliishi mpaka majira ya baridi ya mwaka uliofuata. Mchana mmoja nilikuwa nakunja nguo kando yake, akaniambia nyumba ina joto sana, nikapunguze mashine ya kupasha joto. Niliporudi alikuwa ameshaenda. Nikaketi, nikamshika mkono, nikakaa naye kidogo kabla ya kumpigia mtu yeyote simu. Sikuogopa.