Usiku Niliompiga Picha Pono Usingizini

Nimefundisha Kiswahili katika shule moja ya upili karibu na Kiritiri kwa miaka kumi na minne, na kila muhula nimesahihisha insha ambazo mtu fulani ndani yake amelala usingizi wa pono. Mwizi anaingia, mwenye nyumba yuko katika usingizi wa pono. Basi linapinduka, abiria walikuwa katika usingizi wa pono. Nilikuwa nikitia alama ya vema kwa kalamu nyekundu na kuendelea, kwa sababu mimi mwenyewe nilifundishwa hivyo.

Siku moja msichana wa kidato cha pili akainua mkono.

"Madam, pono ni nini?"

"Ni samaki wa baharini."

"Na analala aje?"

Nilimwambia analala fofofo. Darasa likacheka, naye akaketi, lakini niliona hajaridhika. Hata mimi sikuridhika. Nilizaliwa Gachoka, ambako maji tuliyoyajua ni yale yaliyoletwa kwa mitungi mgongoni mwa punda. Samaki niliowafahamu walikuwa wamekwisha kukaangwa. Jioni hiyo nilisoma kwenye simu kwamba wako watu wanaopiga mbizi usiku kwa tochi na kumkuta pono amelala. Nikaamua nitakwenda kumwona. Nilikuwa na miaka thelathini na tisa na sikujua kuogelea.

Nilijifunza katika bwawa la hoteli moja mjini Embu, kila Jumamosi, pamoja na watoto wa miaka sita na saba ambao walinipita mara moja na kuanza kunipa mawaidha. Walimu wenzangu walipopata habari, yule wa hesabu aliniuliza, "Sasa wewe, unatafuta nini kwa maji?" Nilimjibu, "Samaki." Alidhani ninatania. Baada ya miezi minane niliweza kwenda na kurudi mara kumi bila kushika ukingo.

Likizo ndefu ya mwisho wa mwaka ilipofika, niliteremka pwani, Watamu, kujifunza kupiga mbizi. Aliyenifundisha alikuwa mama mmoja mwenyeji wa huko, mwenye umri kama wangu, mpole lakini asiyekubali kazi ya kubahatisha. Nilimwita dada, naye aliniita Mwalimu. Kwa wiki mbili tulizama mchana tu. Alinifundisha kupumua polepole, kuelea bila kugusa matumbawe, na kuzungumza kwa mikono na kwa tochi. Aliporidhika, aliniazima kamera yake ndogo iliyofungwa ndani ya kasha lisilopitisha maji.

Usiku wa kwanza niliogopa sana. Ukizima tochi huoni hata mkono wako mwenyewe, na sauti pekee ni pumzi yako. Lakini nilipoielekeza taa kwenye miamba niliona macho ya kamba yaking'aa kama makaa, na pweza mmoja akatambaa mbele yangu huku akigeuka kutoka kahawia hadi kijivu. Nilipiga picha zaidi ya arobaini. Tuliporudi kwenye mashua tukazitazama, na zote zilikuwa na madoa meupe, kana kwamba mtu amemwaga unga wa mahindi majini.

"Taa yako inamulika vumbi la maji," dada akasema. "Imulike kutoka pembeni, na usogee karibu. Halafu usiwe na haraka."

Usiku wa pili tulishuka hadi mita kumi hivi. Yeye alitangulia, mimi nikamfuata. Alimulika chini ya jabali moja, akapita. Nami nikamulika hapo hapo, na kitu kikayanasa macho yangu. Hakikuwa samaki. Kilikuwa jicho moja tu, wazi, limetulia, mahali ambapo hapakuwa na sababu ya kuwa na jicho.

Nilisimama. Nilipotazama vizuri, mwili ukajitokeza taratibu: magamba ya kijani na waridi, mdomo kama wa kasuku, na kuzunguka samaki mzima, mfuko mwembamba wa ute, mwangavu kama plastiki. Pono alikuwa amejifunika gubigubi, amelala huku jicho likiwa wazi, kwani samaki hana kope za kufumba.

Nilitikisa tochi kumwita dada. Akageuka, akaja, akatazama, kisha akanyanyua kidole kuniuliza kama niko tayari. Nilitoa pumzi kidogo kidogo ili nisipande wala kushuka. Niliweka taa pembeni na kupunguza mwanga nisimwamshe. Nilipiga picha sita tu. Pono hakutikisika. Tulimwacha jinsi tulivyomkuta.

Tulipofika juu dada alivua miwani yake.

"Mwalimu, mimi nimepita pale pale. Umemwonaje?"

"Nimechunga mbuzi utotoni," nikasema. "Mwanambuzi akilala kichakani huwezi kumwona. Unatafuta jicho."

Alicheka, akawageukia wenzake kwenye mashua na kuwaeleza kwamba mtu wa bara amemwonyesha pono katika bahari yake mwenyewe. Nilikaa pale nikitetemeka kwa baridi, na nadhani sijawahi kujipenda kama nilivyojipenda dakika ile.

Picha ya tano ilitoka safi kabisa. Niliichapisha mjini Embu, kubwa kama ramani ya ukutani, na muhula ulipoanza nikaibandika mbele ya darasa. Yule msichana, ambaye sasa alikuwa kidato cha tatu, alitoka kwenye dawati lake akaja kuitazama kwa karibu.

"Madam, kumbe ako na neti?"

"Ndiyo. Huitengeneza mwenyewe, kwa ute wake."

"Kila usiku?"

"Wengine kila usiku."

Alisoma picha ile kwa muda mrefu, kisha akauliza ni nani aliyeipiga. Nilipomwambia, darasa lote liliacha madawati likaja kuizunguka picha.

Nakala ndogo nilimpelekea mama yangu Gachoka. Aliivutia dirishani, akaniuliza kwa Kimbeere kama kweli nilishuka huko chini kwa miguu yangu. Nikamweleza yote, hadi mtungi wa hewa. Aliitundika sebuleni kando ya kalenda ya kanisa.

Jumapili iliyofuata kina mama watatu wa kanisa walikuja kumtembelea, na kabla hawajaketi akawapeleka ukutani. "Huyu samaki ameonwa na binti yangu," akasema. "Watu wa huko walikuwa wamempita." Akawaeleza kina nilichofika, akakizidisha mara tatu. Mimi nilikuwa mezani nikimimina chai, na sikumsahihisha.