Bomba la Kamatanda

Sikuwa nikienda Likasi. Tikiti yangu ilisema Lubumbashi, na mashine yangu ya kuchomelea vyuma nilikuwa nimeificha ndani ya gunia la mahindi tangu Kalemie, ili wezi wasiijue. Treni ilibeba mizigo kuliko watu. Tuliketi juu ya madumu ya mawese, mbuzi wakatafuna mikeka yetu, na kila tuliposimama akina mama walishuka na masufuria wakawasha moto kando ya reli, maana hakuna aliyejua kama tungekaa hapo saa moja au wiki. Kabalo tulisubiri kichwa cha treni mpaka nikawafahamu watoto wa stesheni kwa sura. Kamina nilitambua kwamba nguo zangu zote zilikuwa za watu wa ziwani, wasiojua baridi. Baada ya Tenke nililala, na nilipoamka tulikuwa tumesimama tena, safari hii katika mji wa vilima, wenye barabara pana na miti ya maua ya zambarau. Mtu wa reli alipita akituambia bila haraka kwamba kichwa kimekufa.

"Kesho tutaondoka?" nikamuuliza.

"Kesho njo jina ya siku tu, papa," akajibu, kwa Kiswahili cha huko ambamo njo ni ndiyo.

Nikateremka na gunia langu. Miji mingi niliyoishi niliiingia hivyo hivyo, kwa sababu ya chuma fulani kilichokataa kwenda mbele.

Kazi yangu ya kwanza Likasi ilikuwa kutengeneza njia ya mteremko kwenye ngazi za ukumbi wa parokia. Aliyenipa kazi hiyo alikuwa mwalimu mstaafu wa fizikia, mzee mwembamba aliyekuwa bado akiishi katika nyumba ambayo baba yake aliipata alipoletwa kutoka Kasai kufanya kazi ya mgodi. Kila Jumamosi alikusanya vijana pale ukumbini akawafundisha umeme, vyuma na maji. Walimwita Prof, na mkusanyiko wao waliuita klabu. Mmoja wao alitembelea baiskeli ya magurudumu matatu inayoendeshwa kwa mikono, na wenzake walikuwa wakimnyanyua kwenye ngazi kama gunia la unga. Hakupenda. Njia ilipokwisha, alipanda peke yake mpaka juu, akageuka, akashuka, akapanda tena, na Prof akamwacha acheze hivyo mpaka somo likachelewa.

Mzee yule alikuwa amebadilisha mambo mengine pia. Kila jambo alilieleza kwanza kwa Kiswahili cha mjini, kisha ndipo akawapa jina lake la Kifaransa, kwa ajili ya mitihani. Hakuuliza mtu yuko darasa la ngapi, wala kama bado anasoma. Juu ya mlango alikuwa ameandika kwa rangi nyeupe: BOTE MUINGIE, yaani ingieni wote. Nilikaa kumsaidia na vyuma. Nilisema ni kwa mwezi mmoja.

Kupitia mlango huo aliingia msichana kutoka upande wa Kamatanda, ambako watu huchimba madini kwa mikono yao. Mama yake alikuwa miongoni mwa wanawake wanaoosha mawe ya wachimbaji. Yeye alikuwa ameacha sekondari ada ilipowashinda. Alivaa kitenge na sweta la kiume, na alipouliza swali alilirudia mpaka aridhike na jibu, hata wavulana wakaanza kumwita Mama Inspekta.

Mkuu wa shule ya ufundi ya mjini alikuwa rafiki wa Prof. Alikuja siku moja, akasema ana nafasi moja isiyolipiwa katika darasa la makanika, na atampa kijana wa klabu atakayetengeneza kitu kinachofanya kazi mahali watu wanapokihitaji.

"Hapana juu ya meza," alisema. "Juu ya meza kila kitu inatembea."

Msichana alichagua bomba la mkono la kuvuta maji. Wakati wa masika mashimo ya Kamatanda hujaa maji, wachimbaji hukaa bure, na akina mama hukosa mawe ya kuosha. Basi bukari, ugali wa kule, nayo hupungua chunguni. Alitumia mipira ya maji, kipande cha tyubu ya baiskeli kuzuia hewa, na mpini niliouchomelea kutoka fremu ya baiskeli iliyokwisha umri wake. Ukumbini bomba lilivuta maji kutoka pipa lililowekwa chini ya ngazi, likayamwaga nje ya dirisha juu ya wavulana wawili waliokuwa wakibeza.

"Inspekta anatubatiza," mmoja akasema, akikamua shati.

Jumamosi iliyofuata tulilipeleka Kamatanda, na Mkuu wa shule akaja na viatu vyake vilivyong'aa. Njiani kuelekea shimoni kulikuwa na mkanda mkuukuu wa mpira, wa zile mashine za kusafirishia mawe, umelazwa chini juu ya matope. Msichana alipoufikia alisimama. Sisi wengine tukapita.

Nilidhani kiatu chake kimenasa.

"Bamama habapite pale," alinieleza mwenye shimo, ambaye kule huitwa Pedeje, kama mkurugenzi wa kampuni, ingawa kampuni yake ilikuwa shimo moja na kofia moja ya plastiki. "Mwanamuke akifika ku mulango ya shimo, mawe inakimbia. Unachimba, unapata udongo tu."

Kila mtu wa Kamatanda alilijua hilo, na msichana alilijua tangu utotoni. Alikuwa ametengeneza bomba la shimo ambalo hajawahi kulichungulia. Kina cha maji aliwauliza wachimbaji, nao wakamwambia "haiko mbali," kwa sababu kwao, wanaoshuka kila siku kwa mikono na miguu, kweli si mbali.

Wavulana waliliweka bomba mdomoni mwa shimo, wakashusha mpira, wakaanza kusukuma mpini. Bomba lilikohoa, maji hayakuja. Msichana aliuliza kutoka nyuma ya mkanda kama hewa inaingia. Wakakagua, haikuingia. Akauliza kama mpira umefika majini. Wakasema umefika. Akauliza maji yako umbali gani, nao wakatazamana, kila mmoja akataja lake. Kundi la wachimbaji lilikuwa limeanza kufurahi.

"Machine ya mwanamuke," mmoja akasema. "Nayo inaogopa shimo."

Mkuu wa shule alifuta kiatu kwa jani. Alisema atarudi Jumamosi ijayo, na kwamba baada ya hapo hawezi kungoja, shule zinafunguliwa baada ya Noeli.

Tukiwa njiani kurudi mjini, mvulana mmoja alishauri, kwa nia njema kabisa, kwamba yeye alimalizie bomba lile kule shimoni kwa jina la klabu.

"Hapana," msichana akasema. "Miye njo nilitengeneza. Musinisaidie kwa kuninyang'anya."

Tulipofika ukumbini Prof alisimama chini ya yale maandishi yake, akayanyooshea kidole.

"Tuliandika bote," akasema. "Kisha tukatuma kazi pahali yeye haingii. Hakuna mumoja wetu aliuliza."

Siku ya Jumatatu mama wa msichana aliliendea jambo hilo kwa njia yake. Nilikuwapo, nimekwenda kuchukua mpini. Alikuwa ndani ya maji mpaka magotini, akitikisa ungo wa mawe ya mwisho mwisho, na Pedeje amesimama kando akilalamika juu ya masika.

"Pedeje, mawe yako iko wapi leo?"

"Mu shimo, mama. Chini ya maji."

"Bachimbaji banaiona?"

"Banaionea wapi? Maji iko mingi."

"Basi kama banaume bote habawezi kuifikia, mutoto wangu ataikimbiza namna gani? Inajua kuogelea?"

Wanawake waliokuwa wakiosha waliinamisha vichwa, mabega yakitetemeka. Pedeje alivua kofia, akakuna kichwa, akaivaa tena.

"Mawe imelala," akasema hatimaye, kwa sauti ya mtu anayetoa uamuzi. "Wakati wa maji mawe inalala. Anaweza kuangalia. Lakini maji ikianza kutoka, arudie nyuma ya mukanda, kabla mawe haijaamuka."

Siku hiyo hiyo msichana aliitwa, akauvuka mkanda akiwa ameshika viatu mkononi. Alilala kifudifudi mdomoni mwa shimo, akashusha kamba yenye jiwe, akaipandisha, akapima sehemu kavu kwa kuilaza sambamba na mpira wa bomba. Kisha alikaa kitako na kucheka peke yake. Maji yalikuwa chini sana. Bomba linalovuta kutoka juu lina kikomo. Kina kikipita kiasi fulani, unaweza kusukuma mpini mpaka uzee na maji yasipande. Lakini alikuwa ameona kitu ambacho hakuna aliyemtajia: nusu ya njia wachimbaji walikuwa wamechonga jukwaa la udongo la kupumzikia. Bomba likikaa pale, karibu na maji, litavuta kidogo tu, kisha litayasukuma maji mpaka juu, kama pampu ya baiskeli inavyosukuma upepo. Wiki ile tulibadilisha mdomo wa bomba, nikachomelea vibanio vya kulishikilia.

Jumamosi mchimbaji mmoja alishuka nalo mpaka jukwaani. Msichana alisimama juu, akampa maelekezo ya kusukuma mpini. Mpira ulitetemeka, ukanguruma, ukatapika tope la kijani, kisha maji. Hakuna aliyepiga makofi. Wachimbaji walisogea na kutazama tu yanavyokwenda, kama watu wanaotazama mgeni wa mtu.

"Sasa rudia nyuma," Pedeje akamwambia msichana, kwa upole. "Inaanza kuamuka."

Akarudi nyuma ya mkanda. Mkuu wa shule alibaki kando ya shimo kidogo, kisha akatembea juu ya matope mpaka pale aliposimama msichana, naye akauvuka mkanda kuelekea upande wa kina mama.

"Utakuja ku masomo na salopeti," alimwambia, yaani ovaroli ya kazi. "Mu atelier yetu ya vyuma haina mukanda."

Tangu hapo Prof hakukubali kazi yoyote ya klabu kabla vijana wote hawajafika mahali penyewe, na yule wa baiskeli ya mikono ndiye aliyetangulizwa, maana alipoweza kufika yeye, wote walifika.

Mimi nilikuwa nimekaa kuliko nilivyosema. Shule zilipofunguliwa miguu ilianza kuniwasha. Siku niliyoondoka, lori la kwenda Kolwezi lilisimama mbele ya ukumbi, hatua chache tu kutoka shule ya ufundi, na nilikuwa nikipandisha gunia langu msichana alipopita akiwa na sketi ya bluu na shati jeupe, ovaroli limekunjwa kwapani. Nyuma yake alikuja mama yake, anahema.

"Bomba imesimama," mama akasema. "Pedeje ananituma."

"Maji iko mingi?" msichana akauliza.

"Kidogo tu. Lakini anasema mawe imelala tena, unaweza kuvuka mukanda."

Wakatazamana. Nilifungua gunia, nikatoa spana yangu kubwa, ile niliyotoka nayo Kalemie, nikampa. Aliipima mkononi, akamkabidhi mama yake.

"Umwambie nitakuya masomo ikiisha," akasema. "Mawe ilale kwanza mpaka saa tisa."

Dereva akapiga honi. Nilipogeuka juu ya lori, mama alikuwa akishuka barabara ya miti ya zambarau na spana yangu begani, na binti yake alikuwa ameshaingia shuleni.