Nyumba ya Mwalimu Kule Kiplombe

Nyumba ya kwanza tuliikosa kwa sababu ya chakula cha mchana. Tuliiona saa sita, nyumba ya mawe yenye vyumba vitatu, hatua chache kutoka barabara ya lami, tukamwambia broka tunaenda kula kisha tutampigia. Mume wangu ni mwalimu wa hesabu na hapendi kuamua jambo akiwa na njaa. Kabla sahani hazijaondolewa mezani, broka akapiga yeye.

"Madam, ile imeenda."

"Imeenda wapi? Si tumetoka hapo sasa hivi?"

"Kuna mtu alikuja nyuma yenu na wakili wake ndani ya gari. Nyinyi mlisema mnaenda kula. Mkishakuwa serious, nitafuteni."

Neno hilo lilinikaa kifuani wiki nzima. Mimi hufanya kazi ya maabara katika kliniki moja mjini Eldoret. Siku nzima nakodolea macho damu za watu kwenye darubini, na hakuna aliyewahi kuniambia sina umakini. Nilikuwa nikiosha vyombo namjibu yule broka peke yangu, kwa sauti, mpaka binti yetu akawa anauliza naongea na nani.

Nyumba ya pili tuliikosa mlangoni. Mwenyewe alikuwa mfanyabiashara, mtu wa haraka, funguo anazizungusha kidoleni. Alituuliza kama tuna barua ya benki ya kuonyesha tumekubaliwa mkopo. Hatukuwa nayo. Tulikuwa na ahadi ya mdomo ya karani mmoja. Yule bwana hata hakutufungulia jikoni. Akiwa anafunga geti, akaniuliza kwa upole tu, kama mtu anayeuliza saa:

"Na kwenu ni wapi?"

"Nairobi," nikasema.

Mume wangu alinitazama. Sijawahi kuishi Nairobi. Nilizaliwa Soy, hapo juu tu, ambapo wazazi wangu waliotoka upande wa Nyahururu walikuwa na duka la unga, sukari na mbolea. Nilikuwa kidato cha pili mwaka ule wa fujo za uchaguzi, watu wenye asili ya kwingine walipofukuzwa. Tuliondoka asubuhi moja kwenye pikapu ya jirani, mimi nimepakata mzani wa duka kwa sababu mama alisema tusiuache. Wazazi hawakurudi tena. Mimi nilirudi kwa sababu kazi ilipatikana huku, na kwa sababu hewa ya huku ndiyo niliyoizoea mapafuni. Lakini kwa miaka kumi na mmoja tuliyopanga mjini tulihama mara nne, na mara zote nne wazo lilikuwa langu. Mara maji hayapandi, mara majirani wana kelele. Mume wangu husema najua kufunga mizigo kuliko ninavyojua kupika.

Sasa nilitaka kununua, na nilitaka upesi, kama mtu anayetaka kuvuka barabara kabla hajabadilisha nia.

Tukaanza kujipanga. Barua ya benki ikapatikana, imepigwa mhuri. Tukapata wakili, mwanamke kijana mwenye ofisi juu ya duka la mbegu, ambaye alitukataza kumpa mtu yeyote chochote kabla yeye hajapekua hatimiliki kwenye ofisi ya ardhi. Nikanunua faili ya plastiki nikaweka nakala za kila kitu, nikawa natembea nayo hata kanisani. Jumapili baada ya ibada nilimwacha mume wangu na mtoto nikazunguka mitaa kwa miguu. Nilifika hadi Elgon View, ambako hatungeweza kununua hata geti, nikasimama kando ya ua wa watu nikiangalia jinsi mifereji ya paa ilivyofungwa. Nilirudi jioni viatu vimejaa vumbi.

"Unatafuta nyumba ama unatafuta kuchoka?" mume wangu akauliza.

Nilikuwa nimeanza kuamka nikiwa tayari nimekunja ngumi.

Ndipo broka yule yule akapiga. Kuna nyumba Kiplombe, akasema. Mwenyewe ni mwalimu mstaafu, mjane, magoti yamemsumbua na anataka kwenda kuishi na binti yake. Njooni Jumamosi saa nne, na msichelewe.

Tulifika saa tatu na nusu tukakuta watu wengine sita wametutangulia. Sote tulizunguka uwanja ule mmoja tukijifanya hatuonani. Ilikuwa nyumba ya kawaida, kuta za mawe, paa la mabati ya buluu yaliyopauka, ua wa kayaba wenye miiba, kisima chenye mfuniko wa saruji, parachichi mbili na zizi lisilo na ng'ombe. Mwanamume mmoja mwenye viatu vyeupe hakuingia ndani kabisa. Alipima uwanja kwa hatua huku akimwambia mtu kwenye simu kwamba zitaingia bedsita ishirini, vile vyumba kimoja kimoja vya kupangisha, bila shida.

Mwalimu alikuwa ameketi verandani kwenye kiti cha plastiki, daftari la mistari mapajani, miwani imeshuka puani. Aliandika majina yetu kama anayeandika rejista, kisha akatuita mmoja mmoja na kumuuliza kila mtu swali moja tu.

"Umeona nini ambacho hukukipenda?"

Bibi mmoja na bwana wake walisema kila kitu ni kizuri. Yule wa viatu vyeupe akacheka. "Mimi nyumba sina haja nayo, Mama. Mimi nataka ploti." Mume wangu akasema jikoni kuna giza. Ikafika zamu yangu.

"Chumba cha nyuma, Mwalimu. Ukuta umepakwa rangi juzi, lakini chini ya rangi kuna alama ya maji."

Aliniangalia juu ya miwani kwa muda. Kisha akaandika kitu, na sikuweza kukisoma.

Siku tatu baadaye broka akatuambia kwamba mwanamume wa viatu vyeupe ameongeza bei na analipa yote kwa mpigo. Mume wangu akasema basi, tuachane nayo, zitatokea nyingine. Hakukosea. Lakini kazini siku hiyo niliandika jina la mgonjwa mmoja kwenye chupa ya mwingine, nikagundua kabla haijatoka. Nilijua lazima nirudi kwenye nyumba ile.

Alhamisi mchana mvua ya mawe ikashuka. Wenzangu walikimbilia dirishani kutazama. Mimi nilivaa koti, nikaomba ruhusa ya kutoka mapema, nikapanda bodaboda hadi Kiplombe chini ya barafu iliyokuwa ikitugonga kama kokoto. Mwenye bodaboda aliniuliza kama nina mgonjwa. Nikamwambia ndiyo.

Mwalimu alifungua mlango akiwa ameshika beseni.

"Wewe ni yule wa ukuta," akasema.

"Ndiyo, Mwalimu. Nimekuja kuona panavuja wapi."

"Basi shika hii."

Palikuwa panavuja mahali pawili, siyo mahali pamoja tu. Tulisogeza kitanda, tukatandaza magunia, nikapanda stuli kutazama dari kwa tochi ya simu. Mbao zilikuwa nzima. Tatizo lilikuwa mabati mawili na misumari iliyolegea. Mvua ilipopungua tukaketi jikoni, penye giza kweli kama mume wangu alivyosema, akanimiminia chai ya maziwa kwenye kikombe kikubwa.

"Wengine wote wamenipigia simu," akasema. "Hakuna aliyekuja tena." Akakoroga chai yake. "Kwenu ni wapi?"

Nilikuwa na Nairobi mdomoni tayari. Sijui kwa nini haikutoka. Labda ni kwa sababu soksi zangu zilikuwa zimelowa na nilikuwa nimeziondoa, na ni vigumu kumdanganya mtu ukiwa miguu mitupu jikoni mwake.

"Nilizaliwa Soy. Wazazi wangu walikuwa na duka pale. Tuliondoka mwaka wa fujo."

Hakusema pole. Mimi nikaanza kutafuta viatu vyangu kwa macho.

"Nilifundisha Soy miaka sita," akasema mwishowe. "Baada ya likizo ile nilifungua rejista, na darasa langu nusu halikuwa pale. Niliyaita majina yote hata hivyo." Akaweka kijiko chini. "Nitakuuliza jambo, na usinijibu vizuri, nijibu kweli. Uchaguzi unakuja. Joto likipanda, utakaa ama utaniacha katikati ya kazi na makaratasi yamefika nusu?"

"Sijui, Mwalimu."

"Hujui."

"Sijui. Nataka kukaa. Lakini sijawahi kujaribu."

Aliitikia kwa kichwa, polepole, kisha akaniambia ninywe chai kabla haijapoa. Hakuniahidi chochote. Nilirudi mjini nikiwa na hakika nimeiharibu nafasi yetu kwa mdomo wangu mwenyewe, na sikumwambia mume wangu nusu ya yale niliyosema.

Kilichofuata hakikutoka kwa Mwalimu. Kilitoka ofisi ya ardhi. Mawakili walipofanya upekuzi, wangu na wa yule mwanamume, wote walikuta jambo moja: hatimiliki ilikuwa bado kwa jina la marehemu mume wa Mwalimu. Kesi ya mirathi ilifunguliwa mahakamani miaka mingi iliyopita ikaachwa. Mpaka ikamilike, Mwalimu hangeweza kumuuzia mtu. Mwenye viatu vyeupe akasema yeye hana wakati wa mahakama, akaenda kununua kwingine wiki hiyo hiyo. Wale wengine wakayeyuka. Broka pia akanishauri.

"Madam, hiyo itachukua miezi. Kuna zingine."

"Si ulisema niwe serious?"

"Nilisema serious, sikusema uzeeke hapo."

Wakili wetu alitueleza tusilipe kitu. Tungeandikiana barua kwamba mirathi ikikamilika sisi ndio wa kwanza, basi. Barua hiyo haikumfunga mtu sana. Mwalimu angeweza kupata mwingine, na sisi tungeweza kuondoka.

Nisiseme kwamba nilingoja kwa ushujaa. Nilingoja vibaya. Nilimpigia wakili mara nyingi hivi kwamba aliacha kunisalimia, akawa anapokea na kusema tu, "Bado." Niligombana na mume wangu kwa sababu ya chumvi. Mwezi wa tano nyumba nyingine ikatokea, safi, hatimiliki iko, mwenyewe anataka kuuza wiki hiyo. Nilienda kuiona peke yangu na faili yangu kwapani. Nilisimama katikati ya jiko lenye mwanga mzuri, na kila kitu tulichowahi kuombwa nilikuwa nacho mkononi. Nikagundua kwamba natafuta kisima dirishani. Nilikuwa nimeshapima madirisha ya Mwalimu kwa ajili ya mapazia, siku moja nilipompelekea misumari ya mabati, na vipimo hivyo nilivijua kwa moyo. Nikamshukuru mwenye nyumba, nikatoka. Barabarani nikajiita mjinga mara kadhaa.

Mume wangu hakunilaumu. Alisema tu, "Kwa hivyo tumeamua."

Mahakama ilimaliza mwezi wa nane. Ikafuata idhini ya bodi ya ardhi, sahihi za watoto wa Mwalimu, kisha benki, ambayo ilitaka barua mpya kwa sababu ile ya kwanza ilikuwa imepitwa na wakati. Siku ya kutia sahihi Mwalimu alivaa kitambaa kipya kichwani. Alipomaliza akanipa funguo nne zilizofungwa kwa uzi wa sufu, akaniambia ile ndogo ni ya zizi na hushika vibaya, mpaka uinyanyue kidogo. Nilimshika mkono kwa mikono yote miwili.

Tulihamia Jumamosi. Mume wangu alibadilisha mabati mawili, akaning'iniza saa ukutani, akalala mchana ule ule kama mtu aliyezaliwa pale. Mimi nilizunguka. Nilijifunza sauti ya kila gari linalopita na kila mbwa. Kwa wiki nyingi masanduku yangu yalikaa ukumbini yakiwa yamefungwa kwa kamba, nikitoa vitu kimoja kimoja ninapovihitaji. Jirani, mkulima wa makamo, alikuja na mahindi mabichi akauliza kama tutaendelea kumpa maji ya kisima kama Mwalimu alivyokuwa akimpa. Nikasema ndiyo haraka mno. Kesho yake nilimwona anapita na mtungi, akaniinulia mkono, nikainua wangu.

Mama yangu alikuwa amekataa kuja. Kwenye simu kila mara alikuwa na sababu: kuku, mguu, mkutano wa kikundi. Uchaguzi ulikuwa umebakiza miezi michache na kwenye redio maneno yalikuwa yameanza kuwa makali. Kisha siku moja akapiga akiwa tayari stendi, akitaka nimfuate.

Tulipofika nyumbani hakuketi. Alipita kila chumba na mkoba wake mkononi, akagusa kuta, akafungua bomba la jikoni akalifunga. Hakusema nyumba ni nzuri. Alitoka nje akatembea kando ya ua wa kayaba mpaka nyuma kabisa, nami nikimfuata kama mtoto.

"Mlango wa huku nyuma hakuna?" akauliza.

"Hakuna, mama. Ni geti moja tu, la mbele."

Alisimama akiutazama ule ua, mrefu kumpita. Nilijua anahesabu njia za kukimbilia, kwa sababu nilikuwa nimezihesabu mimi pia, siku ya kwanza kabisa, nilipokuja na wale wengine wote.

"Huyo mwenye shamba la upande ule ni mtu gani?"

"Ni mtu anayechota maji kwetu."

"Kila siku?"

"Kila siku."

Jua lilikuwa kali, na jasho lilikuwa limemtoka juu ya mdomo. Akaniuliza kama kuna chai. Nikamwambia ipo. Akageuka kurudi ndani, akaweka mkoba wake juu ya sanduku langu mojawapo, vikombe vikagongana ndani, kisha akautoa, akaanza kuvuta kamba ya lile sanduku kwa kucha zake ngumu.

"Hivi vikombe unavifungia nani?" akasema. "Leta kisu."