Cheni ya Mjomba

Mtakaosoma, mnisamehe mapema. Mimi niliishia darasa la saba, na mpaka leo "r" na "l" zinanipiga chenga. Mwandiko huu unaopanda na kushuka ni wa mkono wa kulia uliovunjika kwenye kifundo, karibu na kiganja, ukaunga vibaya. Naandika mistari michache, naupumzisha, kisha naendelea. Jinsi ulivyovunjika ndiyo habari yenyewe, na naiandika kwa sababu mdomoni haijawahi kunitoka.

Nilikuwa mwendesha baiskeli wa mbio. Sijisifu, maana mimi hata kutaja jina langu mbele ya watu naona aibu. Lakini pale mtaani kwetu Isevya, kwenye mazoezi, hakuna aliyeniacha. Nilianza kwa kubeba mkaa kutoka vijiji vya Igalula kuleta mjini. Ukishazoea kupanda mwinuko na magunia mawili nyuma yako, siku ukiyashusha unaona baiskeli inakwenda yenyewe.

Baiskeli ya mbio ilikuwa ya mjomba, kaka yake mama. Yeye ni fundi baiskeli, na tangu baba afariki ndiye aliyetulea. Kila ikikaribia siku ya mbio aliita watu kibandani kwake, na kila mmoja alileta kitu chake kifungwe kwenye baiskeli hapo hapo, wote wakitazama. Huyu tairi, yule pedali, mwingine tandiko. Kitu chako kikishafungwa, nawe unashindana. Unatembea sokoni unasema, "Jumapili tunakimbia." Mjomba aliwaita hao wote timu. Ukikataa kitu cha mtu umemkataa mwenyewe, na mimi sikuwa mtu wa kumkataa mtu.

Mbio za kwanza, kwenda Igalula na kurudi, nilikuwa mbele pedali ya kushoto ilipochomoka. Ilikuwa ya baba yangu wa ubatizo, na uzi wake wa kukazia ulikuwa umelika siku nyingi. Nilimaliza kwa mguu mmoja, wa tisa. Watu wakasema, "Baiskeli imepata bahati mbaya."

Mbio za pili ilikuwa tairi la jirani yetu seremala. Lilipasuka ubavuni, mahali palipokuwa pameshonwa kwa uzi wa katani na kupakwa rangi nyeusi ili pasionekane. Tyubu ya akiba alikuwa nayo mjomba kwenye bodaboda ya timu, na bodaboda ya timu ilikuwa imesimama Igalula wanakula wali kwa maharage. Nikarudi mjini nasukuma. Njiani mzee mmoja muuza karanga akanipigia kelele: "We kijana! Babu zako walibeba pembe za ndovu kwenye njia hii hii mpaka pwani, kwa miguu! Wewe Igalula tu, tena na magurudumu mawili, imekushinda?" Wateja wake walicheka mpaka mmoja akapaliwa.

Safari hii watu hawakusema baiskeli. Walisema, "Yule kijana ana mkosi."

Sikuona neno hilo lilivyotoka kwenye chuma likahamia kwangu. Mjomba aliniogesha dawa ya majani uani kwake. Mama, ambaye ni Mkatoliki wa kwelikweli, alijifanya hajui, akaongeza rozari. Wote wawili walikuwa wakinitibu mimi. Pedali na tairi hakuna aliyeviuliza.

Halafu zikatangazwa mbio za tatu. Atakayeshinda angeingia timu ya mkoa, apewe baiskeli halisi ya mbio na mwalimu wa kumfundisha. Nafasi ilikuwa moja. Nilikwenda Igunga kwenye mavuno ya mpunga, na kwa ujira wa mwezi mzima nikanunua cheni mpya, ikiwa bado kwenye karatasi yake yenye grisi. Niliiweka chini ya kitanda. Nilipanga kumwambia mjomba siku ya kufunga vitu, na njia nzima ndani ya basi nilikuwa nikiyafanyia mazoezi maneno.

Siku hiyo, kabla sijafungua mdomo, mjomba akasimama. Akatoa cheni ndani ya kitambaa cheupe.

"Mjomba," akaniambia, maana naye huniita hivyo, "leo nakuvalisha ya kwangu. Hii ilinipeleka Nzega na kunirudisha nikiwa kijana kama wewe. Mkosi hauigusi."

Watu wakapiga makofi. Mama akaninong'oneza, "Mikono miwili, mwanangu." Nikapokea kwa mikono miwili.

Ilipofungwa niliipima. Cheni unaishika kwa vidole viwili pale mbele, kwenye meno ya gia kubwa, kisha unaivuta. Ikiwa nzima haitoki; ikiwa imelika inaachana na meno. Ile iliinuka mpaka nikaona mwanga upande wa pili. Mjomba aliniona naipima. Ni fundi wa miaka mingi, najua alielewa.

"Vipi?" akauliza.

"Nzuri, mjomba. Asante."

Hilo ndilo kosa langu, na nimelikubali. Maneno matatu.

Siku ya mbio niliiendesha kama mtu aliyebeba mayai. Kwenda, nilikaa katikati ya kundi. Kurudi, wenzangu walianza kuchoka, na ilipobaki kama robo ya njia nikawa peke yangu mbele. Niliposikia watu wa kwetu wanapiga vigelegele pale kwenye mwinuko wa mwisho, nikasahau. Nikasimama juu ya pedali kama wakati wa mkaa. Cheni ikakatika kwa mlio mdogo tu, kama kijiti. Nikaenda juu ya usukani, mkono wa kulia ukatangulia.

Kuna kijana aliyepiga video. Imezunguka kwenye simu mji mzima, na wamewekea muziki. Katika video hiyo mjomba anaonekana anakuja mbio. Watu wanadhani anakuja kwangu. Anapita pembeni yangu, anaokota cheni, anaitia mfukoni, ndipo anarudi kuniinua. "Mkosi huu," anasema. "Mkosi gani huu!" Nafasi ya mkoa haikupata mtu siku ile. Nyuma yangu waliangukiana wengi, waamuzi wakagombana, na mbio zikaahirishwa zirudiwe baada ya majuma sita.

Nikiwa bado na bandeji ngumu, mjomba alimpa baiskeli mtoto wake wa kwanza. Huyo sijawahi kumwona mbele yangu hata mara moja, labda kwenye foleni ya chakula. Watu wakaitwa tena kibandani. Mimi nilikaa kwenye benchi. Mjomba akatoa kile kitambaa cheupe. Cheni alikuwa ameiunga.

Mwanawe hata hakuinuka. "Baba, hiyo takataka itupe kwenye vyuma chakavu. Unataka niende nikavunjike mkono kama huyu?"

Nikamtazama mjomba nione atakavyopasuka. Akacheka! Akacheka mpaka akafuta macho. "Mnamwona huyu? Huyu anajua anachotaka!" Na timu nzima ikacheka.

Sasa ikakosekana cheni. Mama akasema, "Mbona ipo nyumbani, mpya, imekaa tu chini ya kitanda?" Akaenda kuileta mwenyewe. Hakuwa na nia mbaya. Hakujua niliinunua kwa ajili gani, kwa kuwa sikuwa nimemwambia mtu. Aliniuliza, "Si huna kazi nayo, baba?" Nikatikisa kichwa. Mjomba akaifunga, akaivuta kwa vidole viwili, ikakataa kutoka. "Hii sasa ndiyo cheni," akasema.

Mtoto wa mjomba alishinda. Amekwenda mkoa, ana baiskeli nyepesi mpaka unaiinua kwa kidole. Kwenye pilau la kumpongeza mjomba alisimama akashukuru, akasema mkosi umetoka kwenye baiskeli yake. Waliokaa karibu yangu wakasogea kidogo. Nilikula kwa mkono wa kushoto, na hilo nalo likatazamwa.

Mkaa sibebi tena, kiganja hakikazi breki. Nauza vocha na sabuni pale pale Isevya. Mjomba akipita namwamkia shikamoo, ananiitikia marahaba, anauliza mkono unaendeleaje.

Nawaomba mnijibu kwa barua. Pole sizihitaji, zipo nyingi hapa. Mtu aliyekulea anakuletea kitu kibovu, anakitoa kwenye kitambaa cheupe, watu wanapiga makofi na mama yako anatabasamu. Unamwambiaje? Maneno ya mtoto wake nimeyasikia, lakini hayo ni ya mtoto kwa baba. Mimi ni mtoto wa dada, nimekula kwake. Kama yupo kati yenu aliyewahi kukataa na bado akaitwa nyumbani kula, aniandikie alichosema, neno kwa neno. Mniandikie hata kwa mwandiko mbaya kama wangu. Nitausoma polepole.