Sufuria Moja kwa Matanga ya Gaspari

Sogeeni kidogo, aliyekaa ampishe mwenzake, niwape habari za shangazi Eustakia wa Murusagamba.

Si mtu ambaye jina lake limebandikwa kwenye mbao za ofisi. Ni mama wa jembe, mjane tangu ujanani, na akicheka huziba mdomo kwa upindo wa kitenge kama msichana. Kwetu anajulikana kwa mapishi. Ukisikia kuna harusi au msiba, watu huuliza kwanza kama Eustakia yuko jikoni. Akiwepo, wanajua watashiba. Lakini ndiye huyo huyo aliyewakusanya wanawake wenzake nyumbani kwake wakaanzisha kikundi cha kuwatetea wajane wasinyang'anywe mashamba. Wakakiita Tuinuane.

Basi Tuinuane ikapasuka. Hakuna aliyeiba, hakuna aliyeroga. Francisca, mkulima wa hapo hapo, alisema kesi ya mjane imalizwe nyumbani mbele ya wazee wa ukoo, maana mjane ataendelea kuishi na watu hao hao, atawaomba moto na chumvi. Arafa, muuza vitenge wa Ngara mjini, ambaye babu yake alitoka pwani na biashara, alisema wazee wa ukoo ndio baba wadogo wa mnyang'anyi, kwa hiyo kesi iende baraza la kata. Kila mmoja alikuwa na mjane aliyemwokoa kwa njia yake, na mwingine aliyepotea kwa njia ya mwenzake. Wakawa wanarushiana wajane hao kama mawe. Mwishowe Arafa akaondoka na waliomfuata, akaanzisha kikundi chake mjini. Wakikutana sokoni, wanasalimiana kwa nyusi tu.

Eustakia hakumfuata yeyote. Alibaki na jiko lake, na moyo ukimuuma.

Halafu akafariki Gaspari, mtoto wa kaka yake. Gaspari aliacha mke, Nahimana, watoto wawili wadogo, na shamba la migomba aliyoitunza mpaka wapita njia wakawa wanasimama kuitazama. Haukupita muda, kaka yake mkubwa, Frednand, akaanza kukata mikungu. Alianza na mmoja, akaja na mwingine, kisha akang'oa miti ya mpaka akaipanda ndani ya shamba la marehemu. Kilabuni alisema Nahimana alikuja na kikapu kutoka ng'ambo ya mpaka wa nchi, na kikapu chake bado kizima, akibebe arudi kwao.

Nahimana akakimbilia kwa Francisca. Akakimbilia na kwa Arafa pia, maana aliyetumbukia majini hachagui mkono wa kushika. Francisca akaenda kwa wazee, Arafa akaenda kata. Kesi haikusogea hata hatua. Francisca akaamini Arafa ndiye anayeiharibu, na Arafa naye akaamini vile vile juu ya Francisca. Kuulizana, hakuna aliyetaka.

Mwaka ulipotimia, ikafika siku ya kuondoa matanga. Siku hiyo, kwa desturi ya ukoo ule, watu wakishakula, mzee husimama akasema mbele ya wote nani atashika nini katika mali ya marehemu. Kabla watu hawajala, hakuna anayeruhusiwa kuitaja mali, maana ni kama kumgawana marehemu na njaa tumboni. Na mzee wa ukoo, Idefonsi, alikuwa ameshamdokeza Eustakia atakachosema: kwa kuwa jambo limepelekwa ofisini, Frednand ashike migomba kwa muda, mpaka ofisi iamue.

Eustakia alikuwa ameona mashamba mengi yakishikwa kwa muda. Hakuwa ameona hata moja likirudi.

Asubuhi alimkuta Nahimana ameinama anafagia uwanja uliokwisha kufagiliwa. Akamtoa ufagio mkononi taratibu, akamfunga vizuri kitenge kilichokuwa kinalegea kiunoni, akamwambia aje wamenye ndizi. Hakumwambia usiogope. Yeye mwenyewe alikuwa anaogopa.

Wageni wakaanza kuingia. Matanga hayasusiwi, kwa hiyo vikundi vyote viwili vilikuja. Francisca na wenzake walileta kapu la maharage mapya, yaliyovunwa juzi juzi. Arafa na wenzake walishuka kwenye pikipiki na nusu gunia la maharage ya Kaniha, kule Biharamulo, waliyonunua kwa mchuuzi aliyeyaweka stoo tangu mwaka uliopita. Wa Francisca wakapanga mafiga yao upande huu wa jiko. Wa Arafa wakapanga ya kwao upande ule. Kila kundi likatafuta sufuria yake.

Sasa, mtu yeyote aliyewahi kupika anajua kuwa maharage mapya na ya zamani hayachanganywi. Moja litaiva likapondeka, jingine litagonga jino. Eustakia anajua hayo kuliko wote. Lakini alipoyaona yale mafiga mawili, mikono yake ilitangulia akili. Alichukua kapu akamwaga, akachukua gunia akamwaga, yote katika sufuria kubwa iliyoazimwa kanisani. Wanawake wakabaki midomo wazi.

"Gaspari hana matanga mawili," alisema, akakoleza moto.

Jua likapanda. Wanaume walioketi uwanjani wakamaliza habari za mvua, wakamaliza habari za bei ya kahawa, wakaanza kutazama jikoni. Wakati huo maharage mapya yalikuwa yameanza kupasuka, ya Kaniha ni mawe. Eustakia aliongeza maji, akatia magadi, akaongeza kuni. Ndizi zilizomenywa zilingoja kwenye beseni la maji zisiwe nyeusi, maana haziingii sufuriani mpaka maharage yaive. Frednand akaja kuuliza. Akaja tena, akasema shangazi, watu wana njaa, wazee wanataka kusema maneno yao. Eustakia akampa ndizi mbivu, akamwambia akakae, mwanangu, moto haupigiwi hodi.

Pale jikoni hapakuwa na pa kwenda. Francisca yupo kwenye kigoda, Arafa yupo juu ya ndoo iliyopinduliwa, na kati yao sufuria moja. Francisca akachota punje akaijaribu kwa jino.

"Maharage yako yana kichwa kigumu, Bi Arafa. Kama mwenyewe."

Arafa naye akachota. "Na yako yameshakubali kila kitu, hayajaulizwa hata swali."

Mtu mmoja akashindwa kujizuia, akacheka. Akafuata mwingine. Francisca alijikaza, mabega yakamsaliti. Arafa alicheka mpaka machozi, akasingizia moshi. Ilikuwa muda mrefu hawajacheka pamoja, na baada ya kicheko kama kile ni vigumu kurudi kununa. Arafa akavuta kisu akasaidia kumenya ndizi zilizobaki. Akaanza kulalamika, si kwa ugomvi, ni kama mtu aliyechoka: kila akienda kata anarudishwa, kwa sababu Frednand ameshawaambia ukoo unalimaliza jambo hili nyumbani.

Kisu cha Francisca kikasimama.

"Kawaambia nini?"

Arafa akarudia.

"Kwetu alisema wazee wasiliguse," Francisca alisema polepole, "kwa sababu wewe umeshalipeleka ofisini."

Nahimana, aliyekuwa ameinama kwenye beseni, aliinua uso. Akamtazama mmoja, akamtazama mwingine. Wala hakulaumu. Labda ingekuwa rahisi kwao kama angelaumu. Francisca akajifuta mikono kwenye sketi, akasema mwaka mzima, dada Arafa, tumemwachia njia ya katikati akawa anapita yeye. Arafa alisogeza ndoo yake karibu na kigoda.

Chakula kilipakuliwa jua likielekea kuinama. Maharage mengine yalikuwa uji, mengine bado yanabisha, lakini njaa haina dharau. Eustakia alimpakulia Frednand kwa mkono wake na kumwekea sahani iliyojaa, kwa sababu huyo naye ni mtoto wa kaka yake.

Watu wakanawa. Idefonsi akasimama na kuanza kusema kuhusu migomba. Hapo Francisca akainuka, na Arafa akainuka pembeni yake.

"Shikamoo, mzee," Francisca alisema. "Utuwie radhi. Sisi wa nyumbani tuliambiwa jambo hili liko ofisini."

"Na sisi tuliokwenda ofisini," Arafa alisema, "tuliambiwa liko nyumbani."

Idefonsi aliegemea fimbo yake, akageuka.

"Frednand. Liko wapi?"

Frednand alitazama sahani yake tupu. Akasema shamba lake ni dogo na watoto ni wengi. Eustakia akamwambia, kwa sauti ya chini, kwamba hilo lingesemwa, mwanangu, na watu wangelisikia. Mzee hakungoja zaidi. Aliomba aonyeshwe mpaka wa zamani, na watu wote wakaenda nyuma yake mpaka kwenye migomba. Frednand mwenyewe aliing'oa ile miti ya mpaka, na Nahimana akaonyesha pa kuirudishia.

Juma lililofuata Idefonsi alikwenda kata kutoa ushahidi, jambo ambalo wazee wa ukoo ule hawakuwahi kulifanya. Francisca alimsindikiza, Arafa akawapokea mlangoni. Wakaandikishana mpaka wa shamba la Nahimana, Frednand akatia dole gumba.

Msije mkafikiri vikundi vimeungana. Bado ni viwili, kila kimoja na jina lake, na bado wanabishana kuhusu wazee na baraza hadi sauti zinasikika barabarani. Lakini majuzi alikuja kwa Francisca mama mmoja kutoka Ntobeye, mjane mpya, mtoto mgongoni, akaanza kueleza huku amesimama. Francisca akampa kigoda na maji ya kunywa.

"Pumzika kwanza, mama, usije ukaeleza mara mbili," alimwambia. "Arafa yuko njiani."