Raba za Zamu

Mwezi uliopita niliondoka asubuhi katika chumba nilichokuwa nimepanga, begi moja mgongoni, bila kujua ninakwenda wapi. Nimezoea hivyo. Miguu ikianza kuwasha naiacha ichague njia, nami naifuata kwa uchovu. Nilipokuwa nakatiza nyuma ya shule moja ya sekondari, nikasikia darasa zima linaitikia kwa pamoja sentensi ya Kiingereza: "She likes singing, dancing and cooking." Mwalimu akagonga meza, wakairudia. Nikakaa juu ya jiwe nje ya uzio. Mama mmoja aliyepita na dumu la maji akaniuliza kama naumwa. Nikamwambia nimechoka tu, naye akaridhika.

Ninyi mnaosoma hamnijui, hivyo naweza kuwaambia kilichonikalisha.

Nilikulia Murusagamba, ambako barabara wakati wa mvua hugeuka tope jekundu lenye kung'ang'ania mguu. Mimi na mdogo wangu Konsolata tulisoma darasa moja, kidato cha pili, shule ya kata. Nilimzidi miaka miwili, lakini nilichelewa kuanza shule, kisha nikarudia darasa la nne kwa sababu nilipenda kutazama mafundi baiskeli kuliko kutazama ubao. Konsolata akanikuta njiani.

Shule ilitaka viatu vyeusi. Mama aliuza maharage ya msimu mmoja akaweza kununua raba jozi moja, na kwa kuwa wavaaji walikuwa wawili, akachagua namba ya katikati. Mimi zilinibana, Konsolata zilimpwaya. Alijaza karatasi za daftari kwenye ncha, na sehemu kubwa ya somo la historia iliishia humo. Jioni tuliziweka karibu na mafiga zikauke, kwa hiyo raba zetu zilinukia moshi na miguu, na mpaka leo nikikaa karibu na moto wa kuni nalisikia jasho la mdogo wangu.

Tulizivaa kwa zamu. Siku moja mimi, siku ya pili yeye. Asiye na zamu hakupita getini, maana kiranja alikuwa anamkagua kila mtu miguu, na mwenye miguu mitupu alifyeka majani vipindi viwili vya kwanza. Tulikuwa na njia yetu. Unapita kwenye migomba ya jirani, unazunguka nyuma ya vyoo, unangoja kengele, kisha unajipenyeza kwenye kundi linalotoka mstarini. Darasani unaficha miguu chini ya dawati. Konsolata alikuwa hodari kuliko mimi. Mimi nilikamatwa mara nyingi kwa sababu nilisimama njiani kutazama siafu.

Mwalimu wetu wa Kiingereza, Mwalimu Sefania, alikuwa kijana mgeni. Alifundisha pia baiolojia na uraia, kwa sababu hakukuwa na mwingine wa kuyafundisha, na ikifika Alhamisi sauti yake ilikuwa imebaki nusu. Hakuwa mkali. Wiki hiyo alitangaza kwamba Alhamisi angechagua wawili wa kupeleka Ngara mjini kwenye mdahalo wa Kiingereza. Mwenzenu nilipata homa. Mdahalo wenyewe sikuujali. Niliitaka safari. Nilikuwa sijawahi kuvuka Rulenge, na mtoto anayeyatazama malori ya ndizi yakiondoka kila wiki huanza kuamini kwamba dunia yote iko upande wa pili wa kilima.

Alhamisi ilikuwa zamu ya Konsolata. Niliamka kabla yake, nikachukua raba, nikaondoka. Nilijiambia nitamfidia Ijumaa na Jumatatu.

Siku hiyo somo lilikuwa kupanga sentensi ya Kiingereza ili vitu vinavyotajwa pamoja viwe vya umbo moja. Mwalimu aliandika ubaoni: "She likes singing, dancing and to cook." Akauliza kosa liko wapi. Tukainamia madaftari. Hatukuwa wajinga. Kwa Kiswahili ukisema anapenda kuimba, kucheza na kupika, maneno yamekwisha kujipanga yenyewe, na kwa Kihangaza cha nyumbani ni vilevile. Hatukuwahi kuona maneno yakitoka mstarini, hivyo hatukujua hata tutazame wapi. Alieleza mara tatu. Alichora mistari. Alipangusa uso kwa mkono wenye chaki. Ndipo akapata wazo, nami niliuona uso wake ukifurahi.

"Revokatus, njoo mbele. Deo, njoo. Konsolata, njoo."

Konsolata alikuwa ameingia muda mfupi kabla ya hapo kwa njia ya vyooni, tope limemfika nusu ya muundi. Alitoka nyuma ya dawati polepole. Tukasimama watatu, yeye mwisho.

"Tazameni miguu," alisema mwalimu. "Nyuso ziacheni, miguu tu."

"Mwalimu, na ya Revo pia? Ile si miguu, ni majembe," mmoja wa nyuma akasema, na darasa likacheka. Revokatus akacheka pia, maana viatu vyake vilikuwa vya kaka yake aliyekuwa mlinzi, vikubwa kama mitumbwi.

Mwalimu akaelekeza fimbo kwenye viatu vya Revokatus. "Singing." Akaielekeza kwenye raba zangu. "Dancing." Akaielekeza kwenye miguu ya mdogo wangu. "To cook." Kisha akanigeukia. "Haya Deo, wewe unayependa kujua kila kitu. Nani anaharibu sentensi?"

Nilijua jibu. Nilijua pia kwamba ndicho kipindi ambacho angechagua majina.

"Konsolata, mwalimu."

"Kwa sababu gani?"

"Hana viatu, mwalimu."

"Safi kabisa," akasema. Darasa zima likaachia pumzi, wengine wakacheka, na kila mtu akaelewa. Kweli tulielewa. Sidhani kama kuna mmoja wetu aliyekosea sentensi ya namna hiyo tena maishani. Konsolata alicheka kidogo, akaupandisha mguu mmoja juu ya mwingine kama anayetaka kuufunika. "Asante, Konsolata, ukae," mwalimu alimwambia kwa upole. Hakujua kwamba kwetu kulikuwa na raba jozi moja. Angejua asingefanya, nina hakika, maana baadaye nilimwona akimnunulia kiranja mmoja daftari.

Tulirudi nyumbani pamoja. Njia yote alitangulia yeye, na nyayo zake zilikuwa wazi kwenye tope, vidole vitano vitano. Tulipofika kwenye mteremko wa mto nikashindwa kunyamaza.

"Aliniuliza. Ningesema nini?"

"Ulijibu vizuri."

"Basi mbona umenuna?"

"Sijanuna." Akakunja sketi avuke maji. "Ila ungevua."

"Ningevua halafu iweje?"

"Tungekuwa wawili. Revo ndiye angeharibu."

Alisema bila hasira, kama mtu anayekupa jibu la zoezi mlilopewa la nyumbani. Nami nikaona amesema upuuzi. Nikamwambia mwalimu asingekubali. Akasema, "Haya, Deo," akavuka.

Ijumaa hakuamka kwenda shule. Raba nilizikuta karibu na kitanda changu, zimesuguliwa tope, karatasi zimetolewa kwenye ncha. Mama alisimama mlangoni akauliza, "Konsolata, mwarimu nimwambie nini?" Mama hakuwahi kulitamka neno hilo kwa namna nyingine.

"Mwambie niko shambani, mama."

"Mpaka lini?"

"Maharage ni mengi."

Jumatatu vilevile, na Jumanne. Mama alimgombeza, kisha akachoka, kisha akazoea msaada wake, nami nikaliona hilo likitokea siku baada ya siku. Nilikwenda shule peke yangu na raba kila siku. Nilipita getini kifua mbele na kiranja akanisifia. Zilianza kunibana zaidi, au labda nilianza kuzisikia. Jioni nilikaa karibu na Konsolata tukichambua maharage, nikamsimulia kila kitu cha shuleni isipokuwa kile kimoja cha Alhamisi. Alisikiliza. Mara mbili aliinua uso akanitazama kama anayengoja nimalize sentensi. Nikaanza habari nyingine.

Jina langu lilisomwa. Asubuhi ya safari ya Ngara nilitoka nyumbani na raba miguuni, nikafika kwenye migomba ya jirani, nikasimama. Nikarudi. Konsolata alikuwa ametangulia kuteka maji. Nilizivua, nikaziweka juu ya jembe lake mahali ambapo lazima angeziona, nikaondoka pekupeku kwa njia isiyokwenda shule. Sikuwa na mpango. Nilijiambia namwachia viatu ili asome, na wazo hilo lilikuwa zuri kiasi kwamba lilinibeba mpaka barabarani, likanipandisha juu ya lori la ndizi.

Tulipita Lukole mchana. Kambi ya wakimbizi ilikuwa imefungwa zamani, lakini utingo alinionyesha ilipokuwa, vichaka na mahali watu walipopanga mawe ya misingi ya nyumba zao. Akaniuliza nakwenda wapi. Nikamwambia mbele.

Kwa miaka mingi nimesimulia habari hii kwa wenzangu wa vibarua, na kila mara nilikuwa kaka mwema aliyeacha shule kwa ajili ya mdogo wake. Wananipa kahawa. Nilipokuja kumpata Konsolata kwa simu, alikuwa ameolewa kijiji cha jirani, ana watoto watatu, anapanda maharage. Nikamuuliza kama raba zile zilimfaa.

"Sikuzivaa hata siku moja," alisema. "Mama alimpa mtoto wa shangazi."

"Nilikuachia usome."

"Sikuacha shule kwa sababu ya viatu, Deo. Pekupeku niliizoea. Nilikungoja useme."

"Niseme nini?"

Akacheka kidogo, vilevile kama mbele ya darasa. "Watoto wako hawajambo?" akauliza, ingawa anajua sina watoto, na tukaagana.

Siku ile niliyoondoka nyumbani, lori lilinishusha Biharamulo, na kesho yake nikatembea mpaka Nyabusozi, kwa sababu tu njia ilikuwa na kivuli. Jua lilikuwa bado juu nilipoingia kwenye uwanja wa nyumba moja ambako mwanamke alikuwa anaanua mihogo mikavu. Watu walimwita Mama Editha. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia, akaitazama miguu yangu iliyopasuka, akaniletea maji kwenye karai kabla hajaniuliza jina.

"Nyumbani nani anajua uko hapa?" alisema.

"Mdogo wangu."

"Mliagana vizuri?"

"Vizuri, mama."

Akaitikia kwa kichwa, ameridhika. Akanionyesha chumba cha magunia, akasema nitalala humo mpaka watu wangu watakaponihitaji. Nikanawa miguu. Tangu siku hiyo nimefika kwenye nyumba nyingi, na karibu kila nyumba wameniuliza swali hilo, nami nimejibu hivyohivyo. Kutoka kitanda changu hadi cha Konsolata zilikuwa hatua nne. Niliona ni mbali, nikaenda Nyabusozi. Nasema nilikuwa mtoto, na ni kweli. Lakini sasa ni mtu mzima, namba yake ninayo, na asubuhi ile niliponyanyuka kwenye jiwe nje ya shule, nilikwenda upande usiokwenda Murusagamba.